Kinyongo cha Kuduhu na Kuingia kwa Wabaluchi Mombasa

Makadara, si mbali na Ngome ya Yesu kisiwani Mombasa, ni mtaa ambamo Wabaluchi walitia mizizi. Husemwa kwamba askari hao waliletwa na Seyyid Said wa Oman. Kauli hiyo ni ya kweli, ila haikamiliki pasipo kutaja ugomvi wa miji miwili jirani.

Katika vita vya Kuduhu, vilivyopiganwa Shela baina ya 1812 na 1814, Mombasa ya Wamazrui ikishirikiana na Pate iliishambulia Lamu ikashindwa vibaya. Ajabu ni kwamba aliyeshinda ndiye aliyekosa usingizi. Kwa kuhofia kisasi, Lamu ilimwomba Seyyid Said ulinzi, naye akapeleka liwali na askari. Ngome ya Lamu ikakamilika takriban 1821. Mombasa nayo, ilipomwona hasimu wake amepata mlezi mwenye merikebu, ilitafuta wake: mwaka 1824 ikapandisha bendera ya Kiingereza mbele ya Kapteni Owen. Waingereza walijiondoa 1826. Baada ya mashambulizi kadhaa Seyyid Said aliutwaa mji mwaka 1837, viongozi wa Kimazrui wakapelekwa kifungoni Bandar Abbas, na Wabaluchi wakakabidhiwa ngome.

Mwanafunzi wa ushairi anayajua haya kwa njia nyingine, yaani majibizano ya Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu, ambayo Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff waliyachapisha pamoja na mengine mwaka 1995. Aghalabu husomwa darasani kama mashindano ya mafumbo. Usomaji huo ni finyu. Mashairi hayo yalikuwa nyaraka za kidiplomasia, tena za hatari kuliko barua. Barua husomwa na mtawala na karani wake, ikibidi huchanwa; shairi huhifadhiwa vifuani na mji mzima. Mtawala aliyetaka kulegeza kamba angelazimika kwanza kuwakabili watu wake, ambao walikuwa wangali wakiyaghani matusi ya jirani na majina ya waliofia Shela. Katika hali hiyo ilikuwa rahisi zaidi kumwita mgeni wa mbali kuliko kumwendea jirani.

Muyaka, aliyeishi hadi karibu 1840, aliiona Mombasa ikiwekwa chini ya bendera ile ile iliyokuwa ikipepea Lamu.