Je, Wajua? Ukisema Noeli, Umeshaanza Kifaransa

Mkazi wa Nguvumali, Tanga, anayemtakia jirani yake "Heri ya Noeli" tayari ana neno la Kifaransa mdomoni: Noeli ndiyo Noël, yenye asili ya Kilatini, natalis, yaani ya kuzaliwa. Kinachobaki ni kutanguliza Joyeux, na hapo ndipo ulimi unapokwama. Ile x haisomwi kabisa. Nayo j ni sh iliyotiwa mngurumo wa z; jaribu "zhwa-ye" huku umechongoa midomo kama anayepuliza chai ya moto.

Mwaka mpya ni mwepesi zaidi. Bonne année hutamkwa kwa pumzi moja, "bonane", na wasemaji wa Kiswahili wa mashariki ya Kongo wamelichukua hivyohivyo. Wafaransa huitoa salamu hii hadi 31 Januari, basi aliyechelewa asione haya. Idi je? Bonne fête de l'Aïd.

Wala Tanga haikosi wa kuambiwa: mwenye hisa nyingi zaidi katika bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443, kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, ni TotalEnergies ya Ufaransa.