Kibali cha silaha kikikataliwa: mnunuzi wa mpunga Mtowisa afanye nini?

Msimu wa mpunga ukifika katika Bonde la Ziwa Rukwa, fedha hushuka mlima kabla mzigo haujapanda. Mnunuzi hutoka Sumbawanga, hupita Ntendo, huteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi Muze na kufika Mtowisa akiwa na noti mfukoni, kwa kuwa mkulima wengi wao hutaka kulipwa taslimu. Ndiyo maana baadhi ya wafanyabiashara huomba kibali cha kumiliki bastola au bunduki. Wapo wanaokubaliwa, wapo wanaokataliwa, na wapo waliokuwa nacho kikafutwa.

Kwa hao wawili wa mwisho, swali ni moja: je, mlango umefungwa kabisa?

Sheria inayotumika ni ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Silaha chini ya sheria hiyo si mali kama pikipiki au mashine ya kukoboa. Ni ruhusa ambayo mtu hupewa yeye binafsi kwa sababu aliyoieleza. Sababu ikikosa nguvu, au mwenendo ukitiliwa shaka, ruhusa hukosekana.

Kwa kawaida maombi huanzia kwenye serikali ya kijiji, hupita kata, hufika polisi na kamati ya usalama ya wilaya, kisha mkoa, na hatimaye makao makuu ya polisi. Mwombaji aliyekataliwa anapaswa kwanza kujua amekwama ngazi ipi. Kurudisha fomu ileile yenye maneno yaleyale ni kupoteza nauli.

Omba sababu kwa maandishi. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa, na ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria, pale chombo chochote kinapoamua juu ya haki zake. Katika barua hiyohiyo uliza rufaa hupelekwa kwa nani na kwa muda gani. Anayeona utaratibu ulikiukwa anaweza pia kwenda Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake Sumbawanga, kuomba uamuzi upitiwe. Kwa kanuni za mwaka 2014, ruhusa ya kufungua shauri la namna hiyo huombwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Anayekaa kimya msimu mzima atakuta muda umepita.

Kama kasoro ilikuwa ya vielelezo, ombi jipya lijengwe kwa hesabu. "Mimi ni mfanyabiashara" ni maneno tu. Leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, kauntabuku ya manunuzi, stakabadhi za ushuru wa mazao na taarifa za benki ndizo zinazoonyesha fedha kiasi gani hupita mikononi mwako na kwa njia ipi. Onyesha pia silaha italala wapi: kasha la chuma lililofungwa, si chini ya godoro. Ikumbukwe kwamba bonde hili linapakana na hifadhi ya wanyamapori ya Uwanda. Usishangae ukiulizwa kama bunduki ni ya kulinda mauzo au ya kutafuta kitoweo.

Aliyefutiwa ana mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu tatizo lake si karatasi bali ni imani. Kama alimwazima mlinzi wake silaha, aliitoa baa au aliipoteza kwa uzembe, aeleze kilichotokea bila kuficha na aonyeshe nini kimebadilika. Aidha, asiombe upya huku silaha bado iko nyumbani. Aikabidhi polisi na apewe hati ya kupokelewa. Kumiliki silaha bila kibali hushitakiwa chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 kifungo chake ni miaka 20 hadi 30. Hakuna faida ya mpunga inayofidia hasara hiyo. Hali ni hiyohiyo kwa anayeamua "kujisaidia" kwa gobore la kienyeji wakati akisubiri majibu.

Na wakati wa kusubiri? Hapo ndipo mfanyabiashara makini hupiga hesabu upya. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, fedha inaweza kushuka mlima bila kubebwa. Makato ya kutuma yanauma, lakini yalinganishe na gharama ya silaha, risasi, mafunzo na safari za ofisini, kisha ongeza hatari ya kuporwa hiyo bastola yenyewe. Wanunuzi wawili watatu wanaweza kusafiri pamoja, mchana, na kulipa sehemu kwa simu na sehemu taslimu. Mkulima anayemfahamu mnunuzi kwa misimu kadhaa hukubali mapema kuliko tunavyodhani.

Ukipunguza fedha unayobeba, huenda ukagundua huhitaji tena kuomba. Ukiona bado unahitaji, utakuwa umepata jibu la swali ambalo kamati itakuuliza kwanza: umejaribu njia gani nyingine? Ingia ofisini ukiwa na jibu hilo, pamoja na vitabu vyako vya hesabu.