Amplifaya ya valvu na haraka ya sokoni: Kinachowapotezea wafanyabiashara fedha Jinja na Mbale

Mteja anaingia dukani Jinja, anachomeka gitaa, anawasha amplifaya iliyovushwa jana kutoka Kenya, anapiga uzi mmoja. Kimya. Papo hapo anadai kwamba chombo ni kibovu na anataka apunguziwe bei. Mfanyabiashara asiyejua bidhaa yake hukubali, kumbe chombo ni kizima. Hakijapata joto tu.

Amplifaya za valvu zina vichupa vya kioo vinavyong'aa rangi ya chungwa, kama zilivyokuwa redio za mababu. Miaka ya 1950, kabla transista hazijaenea, gitaa za dansi kuanzia Nairobi hadi Kinshasa zilipitia humo. Leo wapo wapiga gitaa wa makanisani na wa bendi wanaozitafuta kwa unene wa sauti yake, na wako tayari kulipa.

Ndani ya valvu kuna uzi mwembamba ambao lazima upate moto kwanza ndipo umeme wa sauti upite. Hilo huchukua nusu dakika hivi. Amplifaya nyingi zina swichi mbili: ya kwanza ya umeme, ya pili imeandikwa Standby. Muuzaji awashe ya kwanza, ahesabu dakika moja, kisha awashe ya pili. Halafu gitaa lipigwe taratibu dakika kumi hivi kabla mtu hajatoa hukumu kuhusu sauti.

Ukubwa nao unadanganya. Wati 100 zinavutia kwa macho, lakini katika ukumbi mdogo hazifunguliwi hata robo, na valvu huanza kutoa utamu zikifanyishwa kazi. Wati 15 au 20 zinatosha kanisa la kawaida. Kwa anayepiga sebene, kitufe cha Gain kikae chini, cha sauti kipande, na besi ipunguzwe ili nyuzi zisikike moja moja.

Hasara kubwa, hata hivyo, iko kwenye plagi. Uganda na Kenya hutumia volti 240. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inataka volti 120, ya Japani 100. Ikichomekwa moja kwa moja, bahati nzuri ni fyuzi kukatika. Bahati mbaya ni moshi. Kibandiko cha nyuma kisomwe kabla fedha hazijatoka mfukoni. Ikihitaji transfoma ya kushusha umeme, inunuliwe yenye nafasi: amplifaya ya wati 22 za sauti inaweza kula zaidi ya wati 100 ukutani. Na gharama ya transfoma iingie katika bei mapema, si baada ya mteja kulalamika.

Isiwashwe kamwe bila spika kuunganishwa, kwani transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Wala isifunguliwe na mtu asiye fundi: volti mia kadhaa hubaki ndani hata plagi ikishatolewa, na zinaua.

Mpakani, wengine huamini kwamba mzigo wa chini ya dola 2,000 hupita bila ushuru kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Amplifaya ya Uingereza au Marekani haipati asili mpya kwa kulala Nairobi. Anayenunua huko adai hati za ushuru uliokwisha kulipwa, maana Malaba na Busia ataulizwa.

Kutoka Jinja hadi Mbale kuna mtikisiko wa kutosha kulegeza valvu kwenye soketi zake. Mwaka wa shufwa, msimu wa Imbalu ukifika, mji hujaa watu. Ngoma za kadodi hazihitaji umeme, lakini sherehe zinazofuata zinahitaji. Anayepeleka mzigo wakati huo auache chombo kipoe kabisa kabla ya kukipakia, akisimamishe wima, na akifika achungulie vioo. Mng'ao wa buluu ndani si ugonjwa. Lakini ule mpako wa fedha ndani ya kioo ukigeuka mweupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo imekufa. Itolewe kabla ya kuwasha, na iwekwe nyingine ya namba ileile.