Bunge Linapouliza Fedha Zikiwa Zimeshatoka

Tarehe 10 Machi 2021, Kamati ya Hesabu za Serikali ya Bunge la Uingereza ilitoa ripoti kuhusu NHS Test and Trace, mpango wa England wa kupima virusi vya korona na kufuatilia watu waliotangamana na wagonjwa. Mpango huo ulikuwa umetengewa pauni bilioni 37 kwa miaka miwili. Kamati ilisema kwamba pamoja na wingi huo wa fedha, haikuona ushahidi wa wazi kuwa mpango ulikuwa umepunguza maambukizi. Mwenyekiti wake, Meg Hillier, alionya kwamba walipakodi hawawezi kugeuzwa mashine ya kutolea fedha.

Ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano. Lakini ilipotoka, mikataba ilikuwa imeshasainiwa, wimbi la pili lilikuwa limeshapita kileleni, na zaidi ya watu 120,000 walikuwa wameshafariki. Bunge hili, ambalo kanuni zake zimeigwa na mabunge mengi yakiwamo yetu, limepoteza kwa kiasi kikubwa nafasi ya kuuliza kabla fedha hazijatoka na kabla sheria hazijaanza kuwabana watu. Limebaki na ufasaha wa kueleza kilichokwenda kombo. Ufasaha huo una thamani yake, ila wagonjwa wa mwaka 2020 haukuwafaa kitu.

Dalili zilionekana mapema. Tarehe 12 Machi 2020 serikali iliacha kupima watu mitaani na kufuatilia waliokutana nao, vipimo vikabaki kwa wagonjwa wa hospitalini. Kamati ya Sayansi na Teknolojia, chini ya Greg Clark, ilidai kuonyeshwa ushahidi uliotumika kufikia uamuzi huo. Mwezi Mei ilimwandikia Waziri Mkuu kwamba uwezo wa kupima ulikuwa mdogo tangu mwanzo, na kwamba udogo huo ndio ulioamua mkakati, badala ya mkakati kuamua uwezo. Barua ilikuwa sahihi. Ilifika miezi miwili baada ya uamuzi.

Wakati huo serikali ilikuwa imepata jukwaa jingine la kujibia: mkutano wa kila jioni na waandishi wa habari. Waziri wa Afya, Matt Hancock, aliahidi vipimo 100,000 kwa siku kufikia mwisho wa Aprili, na siku ilipofika akatangaza 122,347. Ndani ya hesabu hiyo kulikuwa na takribani 40,000 vilivyokuwa vimetumwa tu kwa posta au kupelekwa vituoni, bila mtu yeyote kuthibitika kuwa amepimwa navyo. Mwezi Juni, Sir David Norgrove, mwenyekiti wa mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo, alimwandikia waziri kwamba lengo la takwimu hizo lilionekana kuwa kutaja idadi kubwa kadiri iwezekanavyo, hata kama umma hauelewi kinachoendelea. Takwimu ya namna hiyo hupita kirahisi jukwaani. Mbele ya kamati yenye muda na hati mkononi isingepita.

Tarehe 20 Mei, Waziri Mkuu Boris Johnson aliwaahidi wabunge mfumo ambao usingekuwa na mfano duniani, na kwamba ungekuwa tayari kufikia Juni 1. Aliyepewa kuuongoza ni Dido Harding, mjumbe wa Baraza la Lords na aliyekuwa mkuu wa kampuni ya simu. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiwajibika kwa Waziri Mkuu, huku afisa masuuli wa fedha zile akiwa katibu mkuu wa Wizara ya Afya. Mbunge aliyetaka kujua nani hasa amwulize nini alikuwa na kazi ngumu. Harding alipofika mbele ya Kamati ya Sayansi mwezi Septemba, shule zikiwa zimefunguliwa na watu wakielekezwa vituo vilivyo mamia ya maili kutoka kwao, alisema hakuna aliyetarajia mahitaji yangepanda kiasi kile. Ndiyo maana hoja ya kwanza ya Bunge, miezi minne nyuma, ingepaswa kuwa makadirio ya mahitaji hayo.

Upande wa kufuatilia watu, kazi ya simu ilipewa kampuni binafsi, zikiwamo Serco na Sitel. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilikuja kugundua kwamba tarehe 17 Juni wapiga simu walitumia asilimia 1 tu ya saa walizolipwa kufanya kazi yenyewe. Kufikia mwisho wa Oktoba kulikuwa na mikataba 407 yenye thamani ya pauni bilioni 7, na sehemu kubwa ya ile ya mwanzo ilitolewa bila ushindani wa zabuni. Mwezi Februari 2021 bado walikuwapo washauri waelekezi wapatao 2,500, wakilipwa wastani wa pauni 1,100 kwa siku, na mmoja wao alifikia pauni 6,624.

Tukio moja linaonyesha jinsi mfumo huo ulivyofanya kazi. Majibu ya maabara yalikuwa yakipokelewa kwenye faili za Excel za mtindo wa zamani, ambazo haziwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Faili ilipojaa, majina yaliyozidi hayakuingia, na hakuna kengele iliyolia. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020, wagonjwa 15,841 waliachwa nje ya hesabu ya kila siku. Wenyewe walikuwa wamepewa majibu yao. Ila walioketi nao mezani, waliosafiri nao kwenye treni na waliofanya nao kazi hawakupigiwa simu na mtu kwa siku kadhaa, kwa sababu majina ya wagonjwa hao hayakuwa yamefika kwa wafuatiliaji. Wabunge walielezwa Oktoba 5, virusi vikiwa vimeshapata wiki nzima.

Palikuwa na njia nyingine. Katika miji kama Blackburn na Sandwell, maafisa wa afya wa halmashauri walianza wenyewe kuwatafuta watu ambao mfumo wa taifa ulishindwa kuwapata kwa simu. Waliwajua wakazi na lugha zao, na waliweza kwenda kugonga mlango. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya ufuatiliaji, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa Afrika Mashariki waliowahi kufuatilia familia za wagonjwa wa kifua kikuu au Ebola wanaijua vizuri. Lakini ruzuku ya afya ya umma kwa halmashauri za England ilikuwa imekatwa kwa takribani robo kwa kila mkazi tangu 2015, na kila mwaka makato hayo yalipita Bungeni ndani ya bajeti. Jeshi ambalo lingeweza kupigana vita hivi lilipunguzwa kwa kura za wabunge wenyewe.

Upande wa sheria hali ilikuwa hiyo hiyo. Kanuni zilizofanya kutojitenga kuwa kosa, faini ikianzia pauni 1,000 hadi 10,000, zilitungwa Jumapili jioni, Septemba 27, zikaanza kutumika usiku huo huo wa manane. Bunge lingeziidhinisha baadaye. Siku tatu baadaye Spika Lindsay Hoyle aliikemea serikali hadharani kwa kulidharau Bunge, kisha siku hiyo hiyo wabunge wakarefusha muda wa sheria ya dharura ya korona kwa kura 330 dhidi ya 24, baada ya mjadala wa dakika 90. Na Hancock alipotangaza kuivunja taasisi ya afya ya umma, Public Health England, Agosti 18, janga likiwa bado linaendelea, wabunge walikuwa kwenye mapumziko ya kiangazi.

Utetezi wa serikali unastahili kusikilizwa. Janga halisubiri kalenda ya vikao, na uwezo wa kupima ulikua kutoka maelfu machache kwa siku hadi mamia ya maelfu, jambo ambalo Kamati ya Hesabu yenyewe ililitambua. Lakini kupima kulikuwa njia tu. Wanasayansi washauri wa serikali, SAGE, waliandika Septemba 2020 kwamba mchango wa mpango katika kuzuia maambukizi ulikuwa mdogo sana, na kwamba wengi walioambiwa wajitenge hawakujitenga. Mtu asiye na akiba anapoambiwa akae ndani siku 14 bila mshahara, kipimo kinamwongezea mzigo tu. Malipo ya pauni 500 kwa wenye kipato kidogo yalianza siku ile ile faini zilipoanza. Mbunge yeyote mwenye jimbo la wafanyakazi wa vibarua angeweza kulisema hilo mwezi Mei, kama muswada ungeletwa mbele yake.

Kuporomoka huku kulianza zamani. Kisheria, Baraza la Commons ndilo linaloidhinisha kila pauni. Kwa vitendo, mara ya mwisho lilipokataa ombi la fedha la serikali ilikuwa mwaka 1919, na ombi lenyewe lilihusu bafu la Lord Chancellor. Bunge lililozoea kupitisha kila linaloletwa kwa miaka mia moja halikuweza kujifunza kukataa ndani ya wiki sita za dharura. Lilichobaki nacho ni Kamati ya Hesabu, iliyoundwa mwaka 1861, ambayo kwa asili yake huangalia nyuma. Oktoba 2021 kamati hiyo ilirudi tena kwenye suala hili: kati ya vipimo vya haraka milioni 691 vilivyosambazwa, majibu ya milioni 96 tu ndiyo yaliyosajiliwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kusoma habari hizi kwa makini. Kenya, ukaguzi maalumu wa manunuzi ya shilingi bilioni 7.8 ya KEMSA, mamlaka ya ugavi wa dawa na vifaa tiba, na mahojiano ya kamati za Seneti na Bunge vilikuja bidhaa zikiwa zimeshajaa ghalani. Tanzania, takwimu za wagonjwa ziliacha kutolewa baada ya Aprili 29, 2020, na wabunge wa chama cha upinzani cha Chadema walipoamua kujitenga, Spika Job Ndugai aliwataka warudi ukumbini. Uingereza, kamati ilikuwa na takwimu lakini ilichelewa. Tanzania, mbunge hakuwa hata na takwimu ya kuuliza.

Marekebisho yanajulikana, na yanaweza kuandikwa sasa kabla ya dharura nyingine. Kanuni inayotoza faini isidumu zaidi ya siku chache bila kura ya wabunge. Kila mkataba wa dharura utangazwe ndani ya mwezi mmoja, na mkaguzi mkuu aukague ukiendelea, asisubiri mwaka wa fedha uishe. Kiongozi wa mpango awe na afisa masuuli mmoja anayejulikana, na afike mbele ya kamati kila wiki. Na wabunge wanaopitisha bajeti ya halmashauri wajue kwamba hapo ndipo wanapoamua, miaka mingi kabla, kama siku ya janga atakuwapo mtu wa kwenda kugonga mlango wa mgonjwa. Bunge lisiloweza kufanya hayo litaendelea kuandika ripoti nzuri, na wananchi wataendelea kulipa gharama yake mara mbili, kwa kodi na kwa maisha.