Kopi ya tablo haiko tablo yenyewe

Wandugu, wengi wetu tulisoma agronomia, hatukusoma informatike, lakini leo kazi ya shambani inaishia mbele ya mashini. Njo maana nataka kueleza kosa moja la SQL lililotukulia siku nne nzima.

Mradi tuliokuwamo ulikuwa na tablo ya mashamba ndani ya MySQL, jina lake msimu_a. Kila shamba lilikuwa na namba, na MySQL yenyewe njo ilikuwa inaitoa: 1, 2, 3, kuendelea. Tablo ya pili ilikuwa ya mizani: kilo za maharagi, pamoja na namba ya shamba zilikotoka. Msimu B ulipofika nikataka tablo tupu yenye umbo lile lile. Nikaandika:

CREATE TABLE msimu_b AS SELECT * FROM msimu_a WHERE 1=0;

Ikapita bila neno. Kolone zote ziko, majina ni yale yale. Nani angeshuku?

Kumbe amri hii inachukua majina ya kolone na aina zake, hata NOT NULL, lakini inaacha AUTO_INCREMENT inayotoa namba, na PRIMARY KEY, ule ufunguo unaokataza namba mbili kufanana. Kolone ya namba inabaki paka na 0. Basi shamba la kwanza likapata 0, la pili 0, yote 0, na juu ufunguo haukuwapo, MySQL haikulalamika hata mara moja. Kilo nazo zikaandikwa zote kwa shamba 0.

Tulishtuka wakati wa kutengeneza liste ya watakaopewa mbegu. Mama mwenye robo hektari na baba mwenye hektari nzima walikuwa na mavuno sawa sawa: kila mmoja alibebeshwa kilo za kijiji kizima. Hakuna amri ya SQL ingeweza kutenganisha hapo tena. Tukarudi kwa makaratasi, shamba kwa shamba. (Nyie mnaotupa makaye baada ya kuingiza data, mungoje kwanza.)

Nilipaswa kuandika hivi:

CREATE TABLE msimu_b LIKE msimu_a;

Hiyo inaleta funguo, indeksi na AUTO_INCREMENT, na tablo inatoka tupu. Haileti FOREIGN KEY, zile kamba zinazofunga tablo moja kwa ingine. Hizo unaziandika mwenyewe.

Na ukitaka kuhamisha mistari kisha, usiandike INSERT INTO msimu_b SELECT * hivi hivi. MySQL inafuata nafasi ya kolone, haiangalie jina. Kama kwa moja mbolea inatangulia mavuno na kwa ingine ni kinyume, kilo za mbolea zitakuwa mavuno, na juu zote ni namba, itakubali. Taja kolone moja moja, pande zote mbili.

Mbele ya kuingiza shamba la kwanza, piga SHOW CREATE TABLE kwa tablo zote mbili, uzisome kando kwa kando. Dakika mbili tu.