Madigadi ya Gari la Umeme

Madigadi ni vipande vya mpira au plastiki vinavyoning'inizwa nyuma ya tairi kuzuia matope, maji na kokoto kurukia bodi ya gari na watu walio nyuma yake. Kwenye gari la petroli faida yake kubwa ni usafi na rangi isiyochubuka. Gari la umeme lina sababu ya ziada. Betri yake, kifaa cha bei kubwa kuliko vyote ndani ya gari, imelazwa chini ya sakafu kati ya tairi za mbele na za nyuma, yaani palepale zinapogonga kokoto zinazorushwa na tairi za mbele.

Barabara za Mwankoko, kata ya Manispaa ya Singida ambayo visima vyake huchangia maji ya mjini, zinaonyesha vizuri kwa nini uchaguzi wa madigadi unahitaji kufikiriwa. Nchi ya Singida imekaa juu ya miamba ya matale. Mwamba huo ukimomonyoka huacha kichanga chenye changarawe kali kwenye miinuko, na mabondeni hutanda udongo mweusi wa mbuga ambao hupasuka nyufa wakati wa kiangazi na kunata vibaya mvua zikianza. Mvua zenyewe ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka hufika kama milimita 500 hadi 800. Gari linaloacha lami ya mjini kuingia barabara ya vumbi hupambana na kokoto miezi mingi ya mwaka, kisha na tope zito miezi iliyobaki. Madigadi marefu yanayokaa karibu na tairi huzuia kokoto vizuri sana, lakini yakikutana na udongo wa mbuga hugeuka mtego: tope hujaa kati ya raba na tairi, na wakati mwingine raba yote hung'oka na skrubu zake.

Gari likienda kilomita 60 kwa saa, uso wa tairi huzunguka kwa kasi ya zaidi ya mita 16 kwa sekunde. Kijiwe kilichonaswa kwenye kashata za tairi huachiliwa kwa kasi hiyohiyo, na kinachokipokea ni kizingiti cha mlango, sehemu ya chini ya mlango wa nyuma, au ukingo wa kasha la betri. Uzito nao unachangia. Nissan Leaf ya toleo la kwanza, iliyoingia sokoni Desemba 2010 na ambayo leo huuzwa kama gari lililotumika kutoka Japani, ina uzito wa takriban kilo 1,500, wakati Toyota IST ina kilo elfu moja na ushee. Tena mota ya umeme hutoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha mara tu dereva anapokanyaga, hivyo tairi huteleza kwa urahisi kwenye changarawe na kutema mawe. Dereva anayeondoka taratibu, au anayetumia hali ya Eco, huokoa rangi ya gari lake kabla hata ya kununua chochote.

Kuhusu ukubwa, hakuna haja ya kubuni. Afrika Mashariki imekuwa na mashindano ya Safari Rally tangu 1953, yalipoanzishwa kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari ya rali yana kanuni zake za madigadi zilizowekwa na FIA, shirikisho la kimataifa la magari: plastiki inayopindika yenye unene wa milimita 4 au zaidi, ifunike upana wote wa tairi, na ukingo wa chini usiwe juu ya ardhi zaidi ya sentimita 10 gari likiwa tupu. Vipimo viwili vya kwanza vinafaa kufuatwa na gari la nyumbani. Cha tatu hapana. Leaf ina nafasi ya kama sentimita 16 tu kati ya tumbo na ardhi, na gari linalorudi nyuma kwenye ua wenye visiki litang'oa raba iliyoshuka hivyo siku ya kwanza. Kuishia kimo cha tumbo la gari, au chini yake kidogo, kunatosha. Upana unaozidi tairi hauna kazi yoyote isipokuwa kukamata upepo, na upepo hula chaji. Ukinzani wa hewa huongezeka mara nne mwendo unapozidishwa mara mbili, kwa hiyo mwenye safari za Dodoma ana sababu ya kujali jambo hili kuliko anayezunguka kati ya Mwankoko na mjini.

Plastiki ngumu iliyoumbwa kwa ajili ya gari husika hukaa vizuri na kupendeza, ila ikigonga jiwe hupasuka. Mpira na poliyurethani hupinda na kurudi. Njia ya bei nafuu ni kumpelekea fundi wa katambuga tairi kuukuu akate vipande. Zikatwe tairi zenye nyuzi za kitambaa. Zenye waya za chuma ni nzito, waya hutokeza pembeni, hushika kutu na kukwaruza rangi.

Hata hivyo, kabla ya ukubwa na malighafi kuna swali la matundu, na hili ndilo linalotenganisha gari la umeme na mengine. Fundi aliyezoea magari ya petroli hutoboa popote raba inapokaa sawa. Kwenye gari la umeme, nyuma ya plastiki inayofunika ndani ya tao la tairi huweza kupita nyaya za rangi ya chungwa zenye volti mia kadhaa, na kuzima swichi si hakikisho kwamba hazina umeme. Mahali pa tundu la chaji hutoa dalili ya nyaya hizo zinakopita: Leaf ya toleo la kwanza inalo puani, Tesla nyuma kushoto karibu na taa, BYD Atto 3 ubavuni mbele, juu ya tairi. Madigadi bora, basi, ni yale yanayotumia skrubu na vibanio vilivyokuwepo tangu kiwandani, hata kama sura yake haivutii. Kasha la betri halitobolewi kamwe.

Kufunga hakuhitaji jeki. Gari huegeshwa mahali tambarare, likazimwa, na usukani ukakatwa hadi mwisho ili sehemu ya nyuma ya tairi ya mbele iwe wazi. Ikilazimu kuinua, jeki huwekwa kwenye alama za kizingiti zilizoonyeshwa na kiwanda. Kuiweka chini ya betri ni kuibonyeza betri yenyewe. Tope lote huoshwa na mahali pa kufungia huachwa pakauke, kwa sababu mchanga ukibanwa kati ya raba na bodi husugua rangi hadi kwenye bati kila gari linapotikisika. Utepe angavu wa kulinda rangi ukibandikwa hapo huondoa tatizo. Raba hushikizwa kwa mkono kwanza, usukani ukazungushwa pande zote mbili, kisha watu wawili wakaketi nyuma au magunia ya alizeti yakapakiwa kwenye buti, maana nafasi inayotosha gari likiwa tupu huisha likishuka. Kati ya raba na tairi zibaki angalau sentimita 5. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na zikazwe kwa bisibisi ya mkono, kwani mashine huvunja vishikizo vya plastiki.

Kama fedha zinatosha jozi moja tu, ianze ya mbele. Ya nyuma hulinda bampa na waendesha baiskeli zaidi kuliko betri. Jiwe kubwa lililoinuka katikati ya njia halizuiwi na jozi yoyote, hiyo ni kazi ya bamba la kinga la chini. Skrubu hukaguliwa baada ya juma la kwanza la barabara mbaya, na miezi ya mvua tope la nyuma ya raba hutolewa kwa maji kabla halijakauka.