Marburg Kagera: Utayari wa Serikali Unapimwa kwa Siku



Kila mlipuko wa maradhi unapotokea huko nyumbani, mjadala wetu huwa ni uleule: hospitali hazina vifaa, madaktari wachache, fedha zimeliwa. Yote hayo yana ukweli wake. Lakini mie naona tunasahau jambo moja lisilohitaji mabilioni, nalo ni MUDA unaopita tangu mtu wa kwanza augue mpaka serikali iwaambie wananchi wake. Naomba nilieleze kwa mfano wa virusi vya Marburg, vilivyopiga mkoa wa Kagera mara mbili ndani ya miaka miwili, na katikati yake vikaipiga Rwanda.

Kwanza maradhi yenyewe. Marburg ni ndugu yake Ebola. Iligunduliwa mwaka 1967 katika miji ya Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, baada ya wafanyakazi wa maabara kuugua kutokana na tumbili walioletwa kutoka Uganda. Wenyeji wake porini ni popo walao matunda, wale wanaokaa mapangoni na kwenye machimbo. Mtu humwambukiza mtu kwa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili, na ndiyo maana wa kwanza kufuata ni aliyemuuguza mgonjwa na aliyemwosha maiti. Dalili huanza kati ya siku 2 na 21, nazo ni homa, kichwa na maumivu ya mwili. Sasa niambieni, kule kwetu nani akiona hayo hatasema malaria?

Milipuko iliyopita iliua kuanzia watu 24 mpaka 88 katika kila 100 walioambukizwa. Ni pengo kubwa sana hilo, na sehemu yake inatokana na mgonjwa kuwahi au kuchelewa kupata huduma.

Sasa tuje kwenye kipimo. Mwaka 2021 shirika la Resolve to Save Lives, linaloongozwa na Tom Frieden aliyekuwa mkuu wa CDC ya Marekani, lilipendekeza hesabu nyepesi inayoitwa 7-1-7. Maana yake: siku 7 kuugundua mlipuko tangu uanze, siku 1 kuutolea taarifa kwa wahusika, na siku 7 kukamilisha hatua za mwanzo za kuudhibiti. Uzuri wake ni kwamba haiulizi nchi ina maghala mangapi wala mpango wake una kurasa ngapi. Inauliza kalenda tu. Na ukiipitisha kwenye mnyororo wetu (familia, mhudumu wa afya wa kijijini, zahanati, DMO, maabara, wizara), unaona mara moja pale taarifa ilipokwama.

Tuipime basi milipuko mitatu.

1. Kagera, Machi 2023. Tarehe 16 Machi Mganga Mkuu wa Serikali alitangaza kwamba kuna ugonjwa usiojulikana Bukoba Vijijini. Hakungoja jina. Tarehe 21 Machi Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akathibitisha kuwa ni Marburg baada ya majibu ya maabara ya taifa. Siku tano! Walipatikana wagonjwa 9, wawili wao wahudumu wa afya, na waliofariki ni 6. Tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha. Na mwaka uliotangulia, Julai 2022, utaratibu huohuo ulitumika kule Ruangwa, Lindi: serikali ilitangaza kwamba kuna ugonjwa haujajulikana, watu wanatokwa damu puani, kisha ikarudi kusema ni homa ya mgunda.

2. Rwanda, Septemba 2024. Wao hawakuwa safi kwenye siku saba za mwanzo. Virusi viliingia hospitalini Kigali kabla havijatambuliwa, na karibu wanane katika kila wagonjwa kumi walikuwa wahudumu wa afya. Lakini tangu walipotangaza tarehe 27 Septemba hawakufunga mdomo. Waziri wa Afya, Sabin Nsanzimana, alikuwa akizungumza na wanahabari mara kwa mara na takwimu zikitolewa, zikiwa nzuri au mbaya. Tarehe 6 Oktoba, yaani siku tisa tu baadaye, chanjo ya majaribio ikaanza kutolewa kwa watu walio hatarini. Wagonjwa 66, waliofariki 15, kama 23 katika kila 100. Kwa Marburg, hiyo ni nafuu kubwa. Nakubali kwamba wengi wa wagonjwa walikuwa karibu na hospitali nzuri, hivyo tusilinganishe kibubusa na kijiji cha Kagera. Hata hivyo, chanjo na dawa zisingefika upesi hivyo kwa nchi iliyokuwa inakana.

3. Kagera tena, Januari 2025, safari hii Biharamulo. Tarehe 14 Januari Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kuna watu 9 wanaohisiwa kuwa na Marburg, 8 wameshafariki. Wizara ya Afya ikajibu upesi kwamba sampuli zilizopimwa hazina Marburg. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika. Mlipuko ulipokwisha tarehe 13 Machi hesabu ilikuwa hivi: waliothibitika 2, waliodhaniwa 8, na wote kumi wamefariki. Wanane kati yao walikufa kabla mlipuko haujathibitishwa. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba maradhi yalianza tangu Desemba 2024.

Tazameni vizuri. Mkoa ni uleule, virusi ni vilevile, na wataalamu wengi ni walewale walioshinda mwaka 2023. Maabara inayohamishika ilikuwa hukohuko Kagera. Kilichopungua ni nini? Sisemi kwamba wizara ilidanganya. Inawezekana kabisa sampuli za mwanzo hazikuwa na virusi, hilo hutokea. Lakini kuna tofauti kati ya kusema "bado hatujaona, tunaendelea kutafuta, mwenye homa awahi zahanati" na kusema "hakuna". Neno la kwanza linamfanya nesi wa zahanati avae glavu. Neno la pili linamfanya azivue.

Siku zile binamu yangu aliyeko Bukoba alinipigia simu hapa Uingereza kuniuliza, "Hivi nyie huko mnasikiaje, ipo au haipo?" Jamani, mtu yumo ndani ya mkoa husika anamuuliza aliye ng'ambo! Na mie nilichokuwa nacho ni tangazo la WHO tu. Serikali ikinyamaza, watu hawanyamazi. Wanatafuta penginepo, na kwenye simu zao tangazo la kweli na uzushi huja vimeshikana mikono. Tuliyaona hayo wakati wa Kovidi, takwimu za taifa ziliposimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 mwaka 2020, na zikakaa hivyo zaidi ya mwaka mzima. Virusi havikusimama pamoja na takwimu.

Tuwe wakweli lakini, serikali zina sababu ya kuogopa. Afrika Kusini ilipoitangazia dunia kirusi cha Omicron Novemba 2021, malipo yake yalikuwa kufungiwa safari za ndege, na Uingereza ilikuwa miongoni mwa wa mwanzo kufunga. Rwanda nayo, pamoja na uwazi wake wote, Marekani iliwashauri raia wake waahirishe safari zisizo za lazima kwenda huko. Kwa nchi inayoishi kwa watalii hilo ni pigo. Ila kuficha hakusaidii tena. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinaitaka nchi iitaarifu WHO ndani ya saa 24 baada ya kutathmini tukio, na zinairuhusu WHO kutumia taarifa za vyanzo vingine pia. Kwa hiyo habari itatoka tu, na ikitoka kwa mwingine, aibu inakuwa mara mbili. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nini kifanyike? Kwa maoni yangu:

(a) Anayeona kwanza alipwe. Tanzania ilizindua Januari 2024 mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Huyu ndiye anayejua kwamba nyumba ya fulani wamezika watatu wiki hii. Asipopata posho yake, siku saba za mwanzo zimeshapotea.

(b) Majibu ya maabara yatangazwe na wataalamu, kwa ratiba, hata yakiwa ni "hakuna kitu". Nigeria taasisi yao ya kudhibiti magonjwa hutoa ripoti za kila wiki, kukiwa na mlipuko au kusiwe. Taarifa ikishakuwa kawaida, haiwi tena jambo la kisiasa.

(c) Fedha za dharura ziwe kwenye bajeti yetu. Tarehe ileile ya 20 Januari 2025, Rais wetu anatangaza Marburg pale Dodoma, kule Washington Rais Trump alisaini amri ya kuitoa Marekani WHO na nyingine ya kusimamisha misaada ya nje. Tarehe 1 Julai USAID ikafunga shughuli zake. Aliyetegemea wafadhili wamlipie hata mafuta ya gari la ufuatiliaji ameshapata jibu.

(d) Jirani asiadhibiwe kwa kusema kweli. Kagera inapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na watu wa Mutukula na Rusumo huvuka kila siku. Nchi za Afrika Mashariki zikubaliane mapema kwamba anayetangaza atasaidiwa na mpaka utabaki wazi kwa ukaguzi. Hapo woga utapungua.

Na sisi tulio nje tuna kazi pia. Mara ijayo tukisikia jambo, kabla ya kulisambaza tuulize maswali matatu: liligunduliwa lini, lilitangazwa lini, na hatua zilianza lini? Tukiwauliza wakubwa wetu hayo kila mara, kwa adabu lakini bila kuchoka, watajua kwamba kuna watu wanaohesabu siku.

Naomba kuwasilisha.